Presha ya Mafuta Katika Injini: Kijitabu cha Elimu kwa Wenye Magari na Mafundi wa Wesha na Pemba Yote

Petroli na dizeli zinazotumiwa Pemba hazichimbwi Pemba wala hazisafishwi Pemba. Huja kwa chombo, zikapokewa Wesha, bandari iliyo upande wa magharibi wa mji wa Chake Chake, na kutoka katika matangi yaliyoko huko zikachukuliwa kwa malori hadi vituo vya Mkoani, Wete na Konde. Mkaazi wa Wesha, ambaye huona kwa macho yake chombo kikikawia na foleni ikirefuka, hahitaji kufunzwa thamani ya lita moja. Na ni jambo la kustaajabisha kidogo kwamba mtu huyohuyo, asiyekosa kuuliza bei mpya kila mwezi inapotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Maji na Nishati Zanzibar, yaani ZURA, aweza kuliacha gari lake likatupa mafuta kwa njia ya ekzosi mwaka mzima, kwa kuwa kifaa kinachoenea katika kiganja cha mkono kimeharibika na hapana aliyekipima.

Kifaa hicho ni regyuleta ya presha ya mafuta. Kijitabu hiki kimekusudiwa mwenye gari apendaye kuelewa anacholipia, na fundi ambaye ujuzi wake ameupata kwa kazi za mikono chini ya mwembe bila ya kupitia darasani. Kiwaonyeshe wote wawili namna ya kuyakinisha kwamba regyuleta ni nzima au imeharibika, kabla fedha haijatoka mfukoni. Muradi wake ni mmoja: presha ya mafuta ipimwe, isikisiwe. Mtu wa Dar es Salaam akinunua kifaa kisichokuwa dawa ya ugonjwa wake, aweza kukirudisha dukani siku ileile kabla ya adhuhuri. Wa Pemba aghalabu hukiagiza kutoka Unguja au bara, kikaja kwa meli, na dhana ikikosea hulipa thamani ya kifaa, nauli ya mzigo na siku za gari kulala, kisha akarudi palepale alipoanzia.

Kazi ya regyuleta

Magari ya petroli yaliyotangulia kufika visiwani yalitumia kabureta, ambayo ina kibakuli na boya ndani yake. Pampu ndogo iliyochezeshwa na injini ilipeleka mafuta kwa presha ya paundi 3 hadi 6 tu kwa kila inchi ya mraba, na boya lilipoinuka lilifunga mlango. Fundi wa zama hizo hakuwa na haja kubwa ya geji. Mambo yalibadilika taratibu baada ya mwaka 1967, kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilipotia katika Volkswagen 1600 mfumo wa D-Jetronic, ambamo mafuta hupulizwa kwa nozeli zinazoamriwa na chombo cha elektroniki. Na leo magari yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani, ambayo ndiyo yaliyojaa katika barabara za Chake Chake na Wete, karibu yote yaendayo kwa petroli yana nozeli na hayana kabureta.

Katika magari hayo pampu ya umeme iliyomo ndani ya tangi husukuma petroli ikapita katika chujio na kufika katika bomba la chuma liitwalo reli, ambalo nozeli zimepangwa juu yake. Kompyuta ya injini, ambayo mafundi wetu wameizoea kwa jina la kontrolboksi, haina namna ya kuyapima mafuta yenyewe yanayopita. Iwezalo ni kuiamuru nozeli ifunguke kwa muda wa sehemu chache za elfu ya sekunde kisha ifunge, ikitegemea kwamba presha iliyo nyuma ya nozeli ni ileile iliyokadiriwa kiwandani. Presha ikiwa chini ya kadiri hiyo, nozeli itafunguka kwa muda uleule lakini mafuta yatakayotoka yatakuwa haba. Ikiwa juu, yatazidi. Wala uhusiano wa mambo hayo mawili hauendi sawa kwa sawa, bali mafuta hufuata kipeuo cha pili cha presha, hata ikishuka kutoka paundi 44 hadi 35, yaani kwa kadiri ya moja ya tano, mafuta hupungua kwa asilimia 11 hivi. Upungufu huo, kwa mtu aendaye polepole sokoni, hauonekani. Kwa gari lililosheheni abiria likipanda kilima, unaonekana sana.

Regyuleta ya mtindo wa zamani kidogo hukaa mwishoni mwa reli. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachokandamizwa na springi: upande mmoja wa kiwambo kuna petroli, na upande wa pili kuna springi pamoja na hewa iletwayo na mpira mwembamba kutoka katika manifoldi, yaani njia ya kuingizia hewa katika injini. Pampu hutoa mafuta mengi kuliko yahitajiwayo. Ile ziada hukisukuma kiwambo, vali ikafunguka, na petroli ikarudi tangini kwa mpira wa marejeo. Kazi hiyo yashabihi ile ya baharia aliyeshika demani ya ngalawa, ambaye upepo ukizidi hulegeza na ukipungua hukaza, tanga lisije likapasuka wala likalala.

Mpira mwembamba uliotajwa si pambo, na wengi hawajui kazi yake. Injini inaponguruma bila mzigo, hali ambayo mafundi huiita sailensi, manifoldi huvuta hewa kwa nguvu, na kwa kuwa ncha ya nozeli imo ndani ya manifoldi, petroli nayo huvutwa. Lau presha ya reli ingebaki vilevile, mafuta yangetoka zaidi ya kiasi. Basi uvutaji huohuo, ukipita katika mpira, hukivuta kiwambo dhidi ya springi na kuishusha presha ya reli kwa kadiri iyo hiyo. Dereva akikanyaga mafuta, uvutaji hutoweka na presha hupanda. Kwa hiyo geji ikifungwa katika gari zima la aina hii, mshale wake hautulii mahali pamoja, na fundi asiyejua sababu aweza kuidhania kuwa ni maradhi hali iliyo ya afya tupu.

Dalili, na jinsi zinavyodanganya

Presha ikipungua, gari huchelewa kuwaka asubuhi, hukosa nguvu na kukohoa kilimani, hasa likiwa na mzigo, na plagi zikifunguliwa huonekana nyeupe kama zilizokaushwa. Taa ya injini huweza kuwaka na mashine ya kusoma kompyuta ikaonyesha namba P0171, maana yake mafuta ni haba kwa hewa iliyopo. Presha ikizidi, moshi hutoka mweusi, plagi hujaa masizi, tangi huisha upesi, harufu ya petroli husikika hata ndani ya oili, na mashine husema P0172. Petroli ya ziada isiyoungua huenda kuunguzwa ndani ya ekzosi, katika kisafisha moshi, na joto lake hukiyeyusha kile kiini cha ndani mpaka njia ya moshi ikazibika.

Kuna na dalili ya tatu, ambayo watu wa Wesha wanaijua vema japo hawakupata kuijua sababu yake. Dereva ameteremsha wageni bandarini wanaokwenda kisiwa cha Misali, amezima gari jua la adhuhuri likiwaka, amengoja robo saa, na anapotaka kuondoka gari halikubali. Hupiga stata mara nne, mara tano, kisha linawaka kwa kusitasita na kutoa pumzi nzito. Asubuhi yake liliwaka mara moja. Watu humshauri abadilishe betri, naye hubadilisha. Lakini petroli iliyo chini ya presha haichemki kwa wepesi, na injini njema ikizimwa hubakisha presha hiyo katika reli kwa muda mrefu. Ikiwa mahali fulani pana mvujo, presha huisha, na joto la injini iliyofungiwa chini ya boneti huigeuza petroli ya relini kuwa mvuke. Stata inapopigwa, nozeli hupuliza mvuke badala ya mafuta, hata pampu iujaze upya mfumo.

Sasa ndipo penye haja ya hadhari. Hakuna hata moja katika dalili hizo iliyo mali ya regyuleta peke yake. Mafuta haba huweza kuletwa na pampu iliyochoka, na chujio lililoziba, na manifoldi inayovujisha hewa, na nozeli zenye utando. Moshi mweusi huweza kutokana na sensa ya joto la maji iliyokufa ikiiambia kompyuta kwamba injini ingali baridi, au nozeli isiyofunga, au filta ya hewa iliyojaa vumbi. Kwa maoni yetu regyuleta hushitakiwa mara nyingi kuliko inavyotenda kosa, na sababu yake si ngumu: iko juu, inaonekana, hufunguliwa kwa boliti mbili, ilhali pampu imejificha tangini chini ya kiti cha nyuma.

Fauka ya hayo, hali ya kisiwa ina maradhi yake. Hewa ya chumvi hula vituo vya nyaya, na waya wa hasi wa pampu, uliofungwa katika bati chini ya gari, hufanya kutu ambayo jicho halioni upesi. Pampu iliyotakiwa kupata volti 13 ikapata 10, ikazunguka kwa unyonge, na presha ikashuka bila ya kifaa chochote cha mafuta kuharibika. Nayo petroli ya kwenye madumu na chupa, ambayo watu huikimbilia wakati wa uhaba, aghalabu huja na maji na mchanga. Na mwenye mazoea ya kutembea na tangi lililo karibu kukauka ajue kwamba petroli ndiyo inayoipoza pampu. Kuinyima petroli ni kuipika.

Kabla ya kugusa chochote

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, ukajikusanya katika shimo la gereji, na cheche moja ya mbali huweza kuurudisha moto hadi ulikotoka. Kwa hiyo kazi hii hufanywa nje, palipo na upepo, injini ikiwa imepoa, pasiwepo sigara wala jiko wala taa ya waya uliochubuka, na pawepo kizimamoto cha unga au walau ndoo ya mchanga mkavu, kwani maji hayauzimi moto wa petroli bali huusambaza.

Presha iliyomo ndani ya reli sharti iondolewe kwanza. Chomoa fyuzi au rilei ya pampu injini ikiwa inanguruma, iache mpaka izimike yenyewe, piga stata mara moja au mbili, kisha fungua waya wa hasi wa betri. Hata baada ya hayo, unapolegeza kiungo cha mafuta kifunike kwa tambara na uweke uso wako kando, maana kitatoka kiasi fulani, nacho kikiingia machoni huunguza. Matambara yaliyolowa yasitiwe katika buti ya gari.

Kupima

Anza kwa jambo lisilogharimu hata senti moja. Injini ikinguruma sailensi, uchomoe ule mpira mwembamba ulioko juu ya regyuleta na uutazame kwa makini. Ncha ya mpira mzima ni kavu, na ukiinusa husikii ila harufu ya mpira na ya injini. Injini nayo hubadilisha kidogo sauti, kisha ikaendelea. Lakini ikiwa ndani ya ncha mna unyevu unaong'aa, au katika kishingo cha regyuleta linachomoza tone la petroli, likajaa, likaanguka, na jingine likafuata nyuma yake, hapo shauri limekwisha: kiwambo kimetoboka, petroli inanyonywa moja kwa moja na manifoldi, na hapana haja ya geji wala ya mashine ya kusoma kompyuta. Uzime injini papo hapo, na gari lisiendeshwe mpaka regyuleta ibadilishwe. Uutazame pia mpira wenyewe kwa urefu wake wote, kwa kuwa joto huukausha ukapasuka pembeni, na mpira uliopasuka huifanya regyuleta nzima ionekane mgonjwa.

Mpira ukiwa mkavu, kazi ya geji huanza. Geji ya presha ya mafuta, pamoja na kiungo chake cha tii na klipu, si chombo cha anasa kwa gereji inayotengeneza magari ya nozeli, na mafundi watatu au wanne wa kijiji kimoja waweza kuinunua kwa shirika. Hufungwa baina ya chujio na reli, viungo vikakazwa, betri ikarudishwa, na kabla ya kuwasha injini mtu apige darubini ya macho yake pote palipofunguliwa aone kama pana tone. Katika Toyota nyingi za zamani, ndani ya boneti mna kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Ukiunganisha kwa kipande cha waya tundu la FP na la +B, kisha ukafungua swichi bila ya kupiga stata, pampu itazunguka peke yake, nawe utaweza kukagua mvujo bila ya injini kunguruma.

Kila injini ina kadiri yake, na kitabu cha gari ndicho hakimu. Kwa mfano, injini za Toyota 5A-FE na 7A-FE, zilizomo katika Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990, hutakiwa kuonyesha paundi 31 hadi 37 kwa inchi ya mraba zikiwa sailensi na mpira wa regyuleta ukiwa mahali pake. Mpira ukichomolewa na ncha yake kuzibwa kwa kidole, mshale hupanda hadi kati ya 38 na 44. Kupanda huko kwa paundi 7 hivi ndiko kuonyeshako kwamba kiwambo na springi vinafanya kazi. Mshale usipotikisika unapochomoa mpira, kwanza upulize mpira uone kama hauna kizibo na kwamba manifoldi inavuta. Vikiwa vyema vyote viwili, regyuleta imekwama.

Presha ikiwa chini ya kadiri, swali ni moja tu: je, regyuleta inarudisha mafuta mengi mno tangini, au pampu haileti ya kutosha? Jibu lake hupatikana kwa kuubana mpira wa marejeo. Injini ikinguruma, mpira huo, ule laini tu wala si bomba la chuma au la plastiki ngumu, hubanwa kwa koleo lililofungwa tambara kwa muda wa kufumba na kufumbua, jicho likiwa katika geji. Mshale ukiruka juu kwa nguvu, pampu ina afya na regyuleta ndiyo inayoachia. Mshale ukipanda kwa uvivu, au usipande, iache regyuleta kwa amani yake; ifuate pampu, chujio na nyaya. Usiendelee kubana, kwa maana pampu nzima huweza kuipandisha presha hadi kadiri ambayo mipira mizee haikuumbiwa.

Hapo kwenye nyaya pana hazina ya sababu. Weka kipimo cha umeme katika vituo viwili vya pampu, pampu ikizunguka, usome volti; kisha usome za betri. Tofauti ikiwa kubwa, mathalani 10 kwa 13 na nusu, tafuta kutu katika waya wa hasi na katika rilei, usugue mpaka madini yang'ae, upake grisi, upime tena. Malalamiko mengi ya gari "lisilo na nguvu" hukomea hapo, kwa gharama ya kipande cha msasa.

Presha ikiwa juu ya kadiri, fundi mwenye haraka huhukumu palepale kwamba regyuleta imeziba. Asihukumu. Na auchomoe mpira wa marejeo pale unapotoka katika regyuleta, aunganishe mpira mwingine unaoelekea katika dumu la chuma lililowekwa mbali na joto, kisha azungushe pampu. Presha ikishuka na kuwa ya kawaida, regyuleta haina hatia. Kizuizi kiko mbele yake, katika bomba la kurudi tangini, ambalo pengine lilipigwa na jiwe chini ya gari au liliminywa na jeki iliyowekwa pasipo pahali pake. Presha ikibaki juu vilevile, hapo regyuleta ndiyo. Kuna na sababu nyingine, isiyo ya zamani sana: pampu iliyonunuliwa badala ya ile ya asili ikawa na nguvu kupita kiasi, mafuta yakawa mengi hata vali ya regyuleta isiweze kuyapitisha yote.

Kwa gari linalokataa kuwaka likiwa la moto, kipimo ni cha kungoja. Izime injini na uitazame saa. Katika Toyota zilizotajwa, baada ya dakika 5 geji haitakiwi kusoma chini ya paundi 21. Ikianguka kabla ya hapo, presha imetoroka kwa mmoja wa milango mitatu: vali ya kuzuia iliyomo katika pampu, au regyuleta, au nozeli. Jaza presha upya, zima, na papo hapo ubane mpira wa marejeo. Mshale ukitulia, regyuleta ndiyo inayovujisha. Ukizidi kushuka, jaza tena na safari hii ubane mpira unaoleta mafuta kutoka tangini. Ukitulia, lawama ni ya vali ya pampu. Mipira yote miwili ikiwa imebanwa na mshale ungali unashuka, fungua plagi: silinda ambayo plagi yake imelowa na kunuka petroli ndiyo yenye nozeli isiyofunga. Ni kazi ya nusu saa, na humwepusha mwenye gari na kununua vifaa vitatu ilhali anahitaji kimoja.

Likibaki shaka lolote, geji na ifungwe kwa mpira mrefu, ikazwe nje ya kioo cha mbele kwa uimara, na gari lipelekwe kilimani. Kuna pampu ambazo husema kweli gari likiwa limesimama na hushindwa likibeba mzigo. Geji ya mafuta haiingizwi ndani ya gari, kwa hali yoyote iwayo.

Magari yasiyo na mpira wa marejeo

Magari mengi yaliyotengenezwa baada ya mwaka 2000 hayana regyuleta juu ya reli. Fundi huitafuta, haioni, na huondoka akiamini kwamba gari halina. Iko tangini, imefungwa pamoja na pampu na chujio, na ziada ya mafuta hurudi humohumo bila ya kufika katika injini. Kwa kuwa haina mpira wa manifoldi, presha yake haibadiliki: injini ya 1NZ-FE, iliyomo katika IST na Probox, husoma paundi 44 hadi 50 ikiwa sailensi na ikiwa mbioni, na kompyuta hufanya hesabu ya uvutaji yenyewe. Hapa hakuna mpira wa kubana, na presha ikishuka yafaa kupima volti kwanza, kisha kutoa mkusanyo wote wa tangini na kukagua chujio na oringi ya regyuleta. Oringi iliyokatika, yenye thamani ndogo kabisa, huwafanya watu wanunue pampu nzima.

Baadhi ya Noah na Voxy zilizoandikwa D-4 ni jambo jingine. Nozeli zake hupuliza ndani ya silinda, na juu ya pampu ya tangini zina pampu ya pili inayozalisha presha ya paundi elfu moja na zaidi. Geji iliyoelezwa katika kijitabu hiki haifai kufungwa baada ya pampu hiyo ya pili, na bomba lake halifunguliwi na asiyefunzwa.

Injini za dizeli

Tangu mwaka 1995, kampuni ya Denso ya Japani ilipotoa mfumo wa reli ya pamoja kwa malori ya Hino, dizeli nayo imeingia katika utawala wa kompyuta, na Hiace na Hilux za 1KD na 2KD zimo katika kundi hilo. Humo presha hutawaliwa na vali ya umeme iliyo juu ya pampu kubwa, nayo ikichakaa, sailensi hupanda na kushuka yenyewe, au gari huzimika njiani na kuwaka tena baada ya kupumzishwa, na mashine ikasoma P1229. Presha ya relini huweza kupita paundi 20,000. Mvujo mwembamba usioonekana kwa presha hiyo hupenya ngozi na kutia dizeli ndani ya nyama. Jeraha huwa dogo kama la sindano, halina uchungu mwingi kwa saa za mwanzo, na kwa sababu hiyo hudharauliwa mpaka kidole au mkono unapokuwa hauokoleki. Mvujo usitafutwe kwa mkono. Aliyepigwa na dizeli ya namna hiyo apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji mara moja, kama ile ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani, na daktari aelezwe waziwazi kwamba ni mafuta ya presha. Kipimo cha mfumo huu hufanywa kwa mashine ya kusoma kompyuta, ambayo huonyesha presha iliyoamriwa na iliyopatikana, bila ya kufungua bomba.

Baada ya kubadilisha

Regyuleta mpya huchaguliwa kwa namba iliyopigwa juu ya ile ya zamani, wala si kwa kufanana umbo, kwa kuwa mbili zenye sura moja huweza kuwa na springi za nguvu mbalimbali. Ya mtumba haikatazwi, ila ipimwe mbele ya muuzaji: ukikinyonya kishingo chake kwa mpira safi na hewa ikapita bila ya kizuizi, kiwambo hakipo. Oringi iwe mpya, ipakwe petroli au oili nyepesi kabla ya kusukumwa mahali pake, na mpira mwembamba uliokakamaa ubadilishwe pamoja nayo. Kisha geji irudishwe na kipimo kisomwe upya, namba zikaandikwa katika risiti ya fundi, ya kabla na ya baada. Mwenye gari anayo haki ya kuziomba, na fundi mwema hachukii kuombwa. Kumbukumbu za hitilafu katika kompyuta zifutwe. Na ikiwa kiwambo kilikuwa kimetoboka au nozeli ilikuwa ikivujisha, kijiti cha oili kivutwe na kinuswe: oili yenye harufu ya petroli imekwisha kupoteza uzito wake, nayo humwagwa siku hiyohiyo pamoja na chujio lake, kabla gari halijapakia abiria.